Bendera Haina Miguu

“Andika hapo juu kabisa, kabla hata ya jina langu,” anasema Rosneli huku akiusukuma mtumbwi kwa mguu mmoja. “Bendera yangu haijawahi kuchelewa. Hata mara moja. Kama gazeti lenu lina herufi kubwa, zitumie.”

Ni saa kumi na moja alfajiri katika Ziwa Maninjau. Mvua ya siku tatu imekatika sasa hivi, na ule upepo wa kutoka milimani bado unalikwangua ziwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mwandishi ameamriwa mambo matatu: akae katikati, asijitikise, asiongee sana. La tatu limemshinda kabla mtumbwi haujaacha gati.

Kitongoji kizima cha Pandan Ateh humwita Uni Neli, yaani dada mkubwa, na hata waliomzidi umri humwita hivyo wanapotaka kitu. Ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kupima maji. Hayateki, hayachemshi, hayauzi. Anayapima.

Vyombo vyake vyote vinaingia katika sanduku moja la plastiki ambalo zamani lilikuwa la muuza aiskrimu. Ndani mna chupa za sampuli zitakazokwenda maabara mjini Padang, kisahani cha rangi nyeusi na nyeupe kilichofungwa kamba, na kifaa chenye ukubwa wa redio ndogo kilichoning’iniza waya mrefu wenye kichwa cha chuma.

Kisahani ndicho kinachotangulia. Anakizamisha taratibu, anakitazama kikififia, na pale kinapopotea machoni anaishika kamba na kusoma alama. Maji yakiwa safi, kisahani huonekana mbali. Yakijaa uchafu na ukungu wa mwani, kinatoweka karibu.

“Nilipokuwa msichana ungekiona mpaka uchoke,” anasema.

“Na leo?”

“Leo kimepotea kama mume wangu. Mapema, na bila kuaga.”

Mumewe alikwenda kisiwani Batam kutafuta maisha, kama wanaume wa huku wanavyokwenda. Maisha aliyapata, akakaa nayo huko huko.

Kisha kinakuja kile kifaa. Uni Neli anakifuta kichwa chake kwa kitambaa chenye unyevu, anakiacha hewani kidogo kijirekebishe, anakitazama kwa jicho la mama mkwe. Kinapima hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. “Watu wanadhani samaki anakunywa maji,” anasema. “Samaki anayapumua. Mimi napima pumzi.”

Huku pumzi ni kila kitu. Ziwa limejaa vizimba vya sato, vimepangana mpaka unaweza kuvuka ghuba bila kulowa. Chakula kinachowapita samaki mdomoni, na kinachowatoka nyuma, vyote vinakwenda chini na kuoza, mwaka baada ya mwaka. Siku za jua hakuna tatizo: maji ya juu yenye joto yanakaa juu, uozo unakaa chini, kila mtu kwake.

“Shida ni mvua na upepo kama huu,” Uni Neli anaeleza. “Maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama. Ya chini yanapanda. Umewahi kukoroga mchuzi uliolala? Basi ndiyo hivyo. Harufu ya mayai viza, na pumzi hakuna.”

Wenyewe hali hiyo wanaiita sumu. Ikipanda, sato wanakufa kwa tani, na hakuna dawa. Kuna kujua mapema tu.

Kwa ajili ya kujua huko, chama cha wenye vizimba kilisimika mlingoti gatini na kumpa Uni Neli bendera tatu; iliyo juu hukaa hapo mpaka yeye aibadilishe. Kijani: lisha. Njano: lisha nusu. Nyekundu, yaani oksijeni ikishuka chini ya miligramu mbili kwa lita: usilishe hata punje, vua unachoweza, uza.

Ila wanunuzi wa samaki nao wana macho. Asubuhi njema, kilo ya sato huuzwa rupia elfu ishirini na sita. Nyekundu ikipanda, kabla haijakaa sawa kwenye upepo, bei ni elfu sita na mnunuzi anakuomba umbebee mpaka kwenye gari. Kwa hiyo bendera moja ina wasomaji wa aina mbili, na wote wanaisoma kwa makini kuliko wanavyosoma gazeti hili.

Kina cha mita moja, kifaa kinaandika tatu nukta mbili. Anateremsha waya. Mita mbili: moja nukta nane.

Uni Neli anakitoa, anakifuta, anakirudisha. Moja nukta nane. Anachota maji kwa kiganja, anayanusa, anayamwaga. Kwa mara ya kwanza tangu gatini hana utani.

“Chini ya mbili si nyekundu?” mwandishi anauliza.

“Wewe umefika sekondari,” anajibu, akigeuza mtumbwi. “Unajua moja nukta nane iko upande gani wa mbili.”

Mwandishi anaiandika namba hiyo na kuizungushia duara, kama mtu makini.

Gatini anawangoja Datuk, mkuu wa ukoo na kaka wa mama yake Uni Neli, naye pia ni mwenye vizimba. Ametoka kusali. Nyuma yake paa jipya la msikiti mdogo linang’aa kwa mabati ya bluu. Alilitoa yeye, Machi iliyopita, na siku ya kulizindua watu walimwombea dua mpaka sauti zikakauka. Kikoi kiko begani, na tabasamu liko pale pale linapokaa siku zote.

“Ngapi, Neli?”

“Moja nane, Mjomba. Kwenye mbili.”

Datuk analitazama ziwa, kisha mgeni. “Huyu ndiye wa gazeti? Umemzungusha kwenye baridi yote hii bila kitu tumboni? Unataka akaandike kwamba ukoo wetu una njaa? Mpeleke kwa Lamsinar. Anywe chai kwanza.”

“Niipandishe tu kwanza, Mjomba, mlingoti huu hapa…”

“Bendera haina miguu, mwanangu, haitakimbia. Mgeni ndiye mwenye miguu.”

Wote wanacheka. Mwandishi naye anacheka. Tumbo lake lilikuwa limeshajiunga na upande wa Datuk.

Mgahawa wa Etek Lamsinar uko hatua chache kutoka gatini, na dirisha lake linautazama mlingoti uso kwa uso. Etek ni jina la heshima la shangazi, na mwanamke huyu wa miaka sitini ni shangazi wa kila anayeingia. Anakaanga ndizi na kuzipakua juu ya wali wa kunata uliomwagiwa nazi iliyokunwa.

“Karibu, mwandishi. Umekuja kuandika habari za maji au za mdomo wa Neli? Maana vyote viwili havikauki.”

“Etek, usianze,” anasema Uni Neli.

“Sijaanza. Nikianza utajua.”

Uni Neli anavuta kiti na kukaa akiupa mlingoti mgongo. Chama humlipa rupia milioni moja na laki mbili kwa mwezi, mvua na jua, na wakati mwingine mwezi unapita bila mtu kukumbuka. Fedha hiyo hainunui hata kilo hamsini za sato wa siku njema. Binti yake, Rahmi, anasomea uuguzi Bukittinggi, na karo hulipwa na mjomba.

“Kwetu mtoto anapakatwa, mpwa anashikwa mkono,” anasema. “Baba yake Rahmi hakumpakata. Mjomba ametushika mkono wote wawili. Na kazi hii ni yeye aliyenitafutia.”

“Mkono wa Datuk ni mrefu,” anasema Etek Lamsinar kutoka jikoni.

“Etek.”

“Nasifia.”

Kilichomleta mwandishi Pandan Ateh ni barua ya Uni Neli mwenyewe. Ijumaa hii, baada ya sala, wenye vizimba watapiga kura. Ofisi ya mkoa imeahidi kuwafungia boya la kupimia, na wao wanapaswa kuamua kama boya litachukua nafasi ya mlingoti. Likichukua, Uni Neli hana kazi. Akikosa kazi, anarudi kula kwenye sahani ya mjomba, juu ya ile karo.

Wulandari, fundi wa mkoa, alipopigiwa simu alieleza bila maneno mengi. “Boya linakaa majini usiku na mchana. Linapima kila baada ya dakika kumi, katika vina vitatu, na oksijeni ikishuka linatuma ujumbe kwenye simu za wanachama wote kwa pamoja. Hakuna wa kwanza kujua, hakuna wa mwisho.”

Uni Neli analijua jibu hilo, naye amekuja na lake. “Boya litaota ukoko kwa wiki mbili, nani atalifuta? Betri itaibwa kwa wiki tatu, nani atalia? Boya lina pua? Mimi nanusa maji kabla kifaa hakijasema. Na nawajua hawa watu, najua mwenye mgonjwa, najua mwenye harusi. Mashine haina moyo. Hilo nalo liandike.”

Linaandikwa.

“Andika pia ya Februari,” anasema Etek Lamsinar, akigeuza ndizi.

Februari sumu ilipanda. Watu wanasema tani mia tatu zilikufa katika ghuba hii peke yake, na hakuna aliyepata moyo wa kuhakikisha. Sato walikuja juu midomo wazi, wakalamba hewa kama watoto wanaolamba sahani, na kesho yake ghuba nzima ilikuwa nyeupe. Samaki huyo huwezi kumuuza, huwezi kumgawa, mbwa wenyewe walipita mbali. Walichimba mashimo wakafukia. Harufu ilikaa ndani ya nguo mpaka mfungo.

“Nilipima alfajiri, kama leo,” anasimulia Uni Neli. “Nikaona mbaya. Nikapandisha nyekundu. Waliofuata bendera waliokoka, waliochelewa walichelewa wao.”

“Ulipandisha saa ngapi, Neli?”

“Nilipotoka tu majini, Etek. Unajua.”

“Mjomba wako hakuchelewa.”

“Mjomba alikuwa na bahati. Alikuwa amekwisha panga kuuza asubuhi ile.”

“Bahati ina adabu sana huku kwetu,” anasema Etek Lamsinar. “Inaijua nyumba ya mkuu wa ukoo.”

Etek alikuwa na vizimba vinne. Mwanawe Hendri ndiye aliyevitunza. Kijana mpole, alikuwa na tabia ya kuwasalimia samaki. Sasa anaziba pancha za malori Pekanbaru na hapigi simu mara nyingi, kwa kuwa akipiga atauliza habari za ziwa.

“Alikuwa amewalisha asubuhi ile,” anasema mama yake. “Magunia mawili, mpaka wakashiba. Sato aliyeshiba anataka pumzi zaidi. Ndiye anayekufa wa kwanza.”

“Kwa nini aliwalisha?” mwandishi anauliza.

“Iulize bendera.”

Uni Neli anakoroga chai ambayo sukari yake imeshayeyuka zamani.

Jua limepanda juu ya ukingo wa milima. Chini ya dirisha, kijana mmoja anapita juu ya mbao za vizimba vya jirani akipiga mluzi, gunia begani. Anatazama mlingoti, kama wanavyofanya wote. Anafungua gunia. Punje za chakula zinadondoka majini kwa sauti ya mvua nyepesi juu ya bati, na sato wanaruka kuzipokea.

Mkono wa Uni Neli unakwenda kwenye mkoba wake, pale kitambaa chekundu kilipokunjwa. Unakaa hapo. Kisha unarudi kwenye kikombe.

“Mgeni hajamaliza chai,” anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mgeni, kusema kweli, alikuwa ameongezewa mara mbili.

Basi simulizi za aina hii huwa na swali lake la mwisho, na mwandishi analiuliza akiwa na ndizi mkononi: Je, Uni Neli ana tumaini gani?

Anajiweka sawa. “Tumaini langu ni Ijumaa mikono ipande kwa ajili ya mlingoti. Nipimie watu wangu mpaka Rahmi avae sare yake nyeupe. Akianza kulipwa, sitamlilia mtu. Nitamrudishia Mjomba kila alichotutolea, hata kwa kidogo kidogo, nitembee hapa kitongojini mkono wangu ukiwa wangu.” Anafikiri kidogo. “Halafu malizia na ile ya mwanzo. Watu wakifunga gazeti wabaki nayo. Haijawahi kuchelewa.”

Huko juu kwenye kona za mlimani breki zinalia. Lori linateremka, kona baada ya kona, likidondosha maji ya barafu barabarani, na linasimama nje ya mgahawa. Dereva mwenye kofia ya manjano anaingia na wapakiaji wawili, wanapiga miguu chini kuondoa matope.

“Etek, tatu za yai! Zipige mpaka kijiko kisimame.”

Chai ya yai ndiyo chai ya madereva: kiini kinapigwa na sukari mpaka kiumuke, kisha chai ya moto inamiminwa juu yake. Etek Lamsinar anapasua mayai, anatenga viini, anachukua kijiti chake cha kupigia. Anapiga kwa nguvu kuliko umri wake.

“Mmewahi leo,” anasema. “Mnapakia kwa nani?”

“Kwa Datuk. Katupigia simu alfajiri, anasema njooni mbio, samaki wote watoke kabla ya adhuhuri.”

Kijiti kinasimama.

Nje, yule kijana anafungua gunia la pili.

“Februari nilipiga mayai hivi hivi,” anasema Etek Lamsinar, na sauti yake haina utani hata kidogo. “Kwenye bakuli hili. Kwa huyu huyu, na kofia yake hiyo hiyo. Nikawauliza mnapakia kwa nani, wakasema kwa Datuk. Hendri alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe, Neli. Alimaliza kahawa yake, akatazama dirishani, akaona kijani. Akabeba magunia yake.”

“Etek…”

“Nyekundu uliipandisha watu wakitoka kusali adhuhuri. Malori ya Datuk yalikuwa yameshapanda mlima. Nilikuwepo, naanua nguo, nikakuona unakimbia kwenda mlingotini kana kwamba moto umeanza sasa hivi. Nikanyamaza. Datuk ni mkuu wa ukoo wangu pia, na kila magharibi nasali chini ya mabati yake. Ningenyamaza hata leo. Lakini unataka ichapwe gazetini? Kwa herufi kubwa?”

Dereva anaivua kofia, anaitazama ndani kama mtu aliyeona maandishi humo, anaivaa tena.

“Alisema ninywe chai kwanza,” anasema Uni Neli. Uso wake umelegea, na kwa mara ya kwanza anaonekana mdogo kuliko miaka yake, kama mpwa. “Siku ile pia. Alisema ninywe chai kwanza.”

“Najua. Chai hiyo hukuinywa kwangu.”

“Ningemwambia nini, Etek? Wewe ungemwambia nini?”

“Sijui,” anasema Etek Lamsinar. “Mimi mwenyewe nimemwambia nini? Lakini Ijumaa nitapiga kura, kizimba sina ila jina langu bado limo chamani. Unasema mashine haina moyo. Sawa. Haina. Wala haina mjomba.”

Anaufuta mkono wake kwenye kanga ya kiunoni na kugeuka.

“Na wewe wa gazeti. Ile namba uliiona?”

Mwandishi anasema aliiona.

“Umeiandika?”

Ameiandika. Ameizungushia na duara.

“Umekaa hapa tangu jua halijatoka. Umekula ndizi zangu, sahani ya tatu hiyo. Umecheka kila nilipochekesha, na dirisha liko mbele ya pua yako.” Anamnyooshea kijiti chenye povu la yai. “Haya, msomi. Wasomee wasomaji wako: bendera iliyo juu pale ni ya rangi gani?”

Mwandishi alitazama. Upepo ulikuwa umeikunjua yote.

Ilikuwa ya kijani.